Nani Aliyesema Karibu Kwanza

Aprili 6

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza kuandika, maana nikinyamaza nitapasuka.

Kulikuwa na baraza kuhusu njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Mikeka mbele kwa wenyeji, viti nyuma kwa wageni. Mimi nimezaliwa hapahapa, si mbali na Golbanti. Baba yangu kazaliwa hapa. Babu Dzombo ndiye aliyekuja kutoka kusini akiwa kijana, akalima hapa, akazikwa hapa, na kaburi lake nalipalilia mwenyewe. Bado mimi naitwa mtu wa kuja, na nafasi yangu ni kile kiti cha nyuma chenye mguu mmoja mfupi.

Niliposimama kusema kwamba hiyo njia inapita juu ya mahindi yangu, Shukri akainuka kwenye mkeka na fimbo yake ndefu. "Wageni ngoja," akasema. "Wenyeji maliza kwanza, halafu wageni." Na huyo Shukri ndiye mwenye ng'ombe! Watu wakacheka. Nikaketi, kiti kikayumba, wakacheka tena.

Aprili 9

Ng'ombe wa Shukri wameingia katika mahindi yangu. Hawakupita, wamelala humo. Sina la kuandika, nina la kutukana tu.

Aprili 10

Johnson anasema nipunguze hasira. Johnson ni mdogo wangu, ndiye pekee niliyebaki naye tangu mama atutoke. Ana pikipiki ya bodaboda, na abiria wake wa kila asubuhi ni Nuriya, anayepeleka maziwa Garsen. Nuriya ni dada yake Shukri. Ndiyo, huyohuyo Shukri. Wauza maziwa wamejaa tele, mdogo wangu kamwona huyo! "Ni rafiki tu, dada." Haya, rafiki. Sijauliza.

Nuriya mwenyewe, nikisema kweli, ni mtu mwema. Jana aliniletea kibuyu cha maziwa kwa ajili ya yale mahindi, akakiweka mlangoni, akaondoka bila kujitetea. Nimeyanywa huku nimenuna.

Aprili 14

Mvua.

Aprili 15

Mvua. Choo cha jirani kimekwenda na maji. Hakikuwa na mtu, tunashukuru.

Aprili 19

Lazima niandike sasa, kabla hawajanichanganya kwa maneno yao.

Mto umevunja kingo asubuhi. Johnson na Nuriya walikuwa wanarudi kutoka Garsen, maji yakawakata pande zote mbili, wakapandisha pikipiki kwenye mwinuko wenye miti mitatu ya mikoma. Johnson akanipigia simu. Hakuwa na hofu hata kidogo, mjinga yule. Walikuwa na sufuria, unga, maziwa yaliyobaki, na ng'onda aliyokuwa ananiletea mimi, papa mkavu wa chumvi kutoka Kipini. Wakawasha moto, wakapika. Nikamwambia akae hapohapo, tutatafuta mtumbwi.

"Ngoja, dada," akasema. "Kuna watu wanapita."

"Watu gani wanapita kwenye maji?"

"Sijui, wazee wazee hivi. Karibuni! Karibuni tule!"

Nikamsikia Nuriya naye, "Karibuni, chakula kipo." Sote ndivyo tulivyolelewa. Huwezi kuweka tonge mdomoni mtu akipita usimkaribishe, na yeye anajua kusema "starehe" na kwenda zake. Ni adabu tu. Chakula chenyewe huenda hakikutoshi wewe.

Hao hawakusema starehe. Nikasikia sauti nyingi kwa pamoja, za upole kabisa: "Tumekaribia."

Simu ikakatika. Nimepiga mpaka chaji imekwisha.

Aprili 20

Tumefika kwenye ule mwinuko. Mwenye mtumbwi ni Faki, mchuuzi wa samaki kutoka Kipini, ambaye mafuriko yamemkwamisha huku na magunia yake. Shukri alikuwa ameshakaa ndani nilipofika. Sikumsalimia. Yeye alinisalimia.

Pikipiki ipo. Viatu vya Nuriya vipo, vimepangwa kando ya mkeka wa majani. Sufuria zimeoshwa zikang'aa. Mafiga matatu bado ya moto, makavu, na mvua inapiga juu yetu! Watu wa serikali waliokuja na boti wakasema vijana wamesombwa, tushukuru Mungu na tutulie. Nikawauliza maji gani hayo yanayoosha sufuria kwanza ndipo yasombe watu.

Boti lao lilipoondoka, Faki akachuchumaa karibu na mafiga, uso umempauka.

"Dada Dama, hawa wametukuliwa na Wenyeji."

Kwao Kipini wakisema "wametukuliwa" ni kuchukuliwa. Akaeleza: mto ukifunguka sana, wale waliokuwa hapa kabla ya watu wote hutoka kutembea. Hawana ubaya. Wanapenda wageni kupita kiasi, na kwao hakuna chumvi. "Ni munyu wa ng'onda niliyomuuzia Johnson uliowaita," akasema, akaanza kulia. Chumvi yeye anaita munyu, sawasawa na sisi Wagiriama. Akasema ukishakula chakula chao wewe ni mgeni wao, na mgeni haondoki bila ruhusa.

"Basi waombe ruhusa," nikasema.

"Wataomba. Lakini wewe ukiombwa ruhusa na mgeni, wajibu nini?"

Mimi najibu kama kila mtu: bado mapema, kaa kidogo, chakula kinaiva.

Shukri alikuwa ameinama ukingoni anatazama matope. "Mguu iko," akasema. "Hii ya Nuriya. Hii ya Johnson. Hii nyingine sijui ya nani. Mimi naenda."

Nikasema naenda. Faki akasema yeye ana mke na anaogopa mamba. Kisha akachukua kafi.

Aprili 21

Tumepita mikoma ya mwisho ninayoijua. Baada ya hapo maji yalianza kwenda kinyume, kutoka baharini kupanda juu, tena bila kelele. Faki aliacha kupiga kafi, tukasonga vivyo hivyo.

Tarehe sijui

Jua lilizama upande wa kulia, na tulipokunywa maji tukageuka likachomoza palepale. Nimekata tamaa na tarehe.

Hii nyika ni kubwa kuliko nchi inayoibeba. Samaki wamejenga viota juu ya miti, wanachungulia. Chini ya maji, ambayo ni safi kama ya mtungi, ndege wanatembea mchangani wakidonoa. Leo tumempita mamba amelala na vifaranga vya kuku mgongoni. Faki akamwambia shikamoo. Nikacheka mpaka nikaumwa mbavu, kisha nikakumbuka tulichokuja kufanya.

Kila tunapoishiwa na njia tunaona moshi. Ni mafiga mengine, makavu, ya moto, na chakula kimefunikwa kawa. Pembeni kuna nyayo, na Shukri anazisoma: hapa walikaa, hapa Nuriya alisimama peke yake muda mrefu, hapa Johnson alitegua mguu. Chakula hatukigusi. Tunatafuna ng'onda ya Faki na tende chache za Shukri. Tumesalimiana sasa, mimi na Shukri. Si urafiki. Huwezi kushiriki tende na mtu usimsalimie.

Siku nyingine

Njaa. Faki ameongea kuhusu wali wa nazi mchana kutwa, na nimemwambia akitaja nazi tena nitamtupa.

Siku nyingine

Leo nilikuwa karibu kupotea.

Tulifika kwenye mafiga, nikafunua kawa ili nione tu. Ilikuwa sima na mtsunga, zile mboga chungu, zimepikwa na tui jingi kupita inavyotakiwa. Mama yangu peke yake ndiye aliyekuwa akikosea hivyo. Alikuwa akisema mkono umeteleza, kila siku mkono umeteleza. Nilikata tonge. Mulungu wangu, nilikuwa nimeshalikata, liko mkononi, na nilikuwa nalia kwa sauti.

Shukri hakunipokonya. Aliketi chini karibu nami, mbali kidogo kwa heshima, akasema, "Jana mimi pia. Wewe hukuona. Ilikuwa buna. Kahawa ya mama yangu, imekaangwa na samli. Nilinusa tu." Akajifuta uso na kilemba. "Mama yako alipika vizuri?"

"Vibaya sana," nikasema.

"Mama yangu pia."

Nikalirudisha lile tonge. Akanipa tende ya mwisho na kujifanya ameshiba. Muongo mkubwa, tumbo lake lilikuwa linanguruma kama pikipiki ya Johnson. Nilikula nusu, nikamrudishia nusu.

Namchukia bado kwa yale ya barazani. Lakini namchukia kwa shida sasa, inabidi nijikumbushe.

Siku tuliyofika

Nitaandika yote, hata yakichukua daftari zima.

Boma la Wenyeji liko juu ya maji wala halielei. Limekaa tu. Wao ni warefu, nguo zao zinachuruzika maji lakini mikeka hailowi, na sura zao ni za watu uliowahi kukutana nao ukasahau wapi. Katikati, kwenye mkeka mzuri kuliko yote, walikaa Johnson na Nuriya. Wamenenepa! Mimi nimekonda kwa ajili yao, wao mashavu yamejaa. Mbele yao sahani, na kila wakipunguza, mtu anaongeza.

Johnson aliponiona akafunika uso. Nuriya akasema, "Dada Dama, tumeomba ruhusa mpaka ulimi umekauka." Akageukia bibi mmoja mrefu aliyekaa mlangoni. "Bibi, tunaomba ruhusa twende."

"Mapema mno, mwanangu," bibi akasema, kwa upendo kabisa. "Kaeni. Wali uko jikoni."

Na wakakaa! Miguu yao haikufungwa na kitu. Lakini utaondokaje kwa mtu anayekuambia wali uko jikoni? Hata mimi nilisikia aibu kwa niaba yao.

Shukri akainua fimbo. "Mimi hapa mwenyeji. Nchi hii ya baba yangu. Nipe dada yangu."

Wenyeji wakacheka, si kwa dharau, kama unavyomcheka mtoto aliyevaa viatu vya baba. "Babu wa babu yako alifika hapa na ndama mmoja mwenye kiu," bibi akasema. "Sisi tulimwonyesha maji. Na wewe wa Kipini, wako walishuka hapa wakitapika bahari, tukawapa pa kulala. Nyote ni wageni wetu. Karibuni mle."

Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo kuona uso wa Shukri. Kisha bibi akanitazama mimi. "Na wewe ni wa juzijuzi tu. Karibu, mwanangu."

Hapo hasira ikanipanda. Na hasira yangu, tofauti na ya wengine, huniletea akili.

"Bibi, shikamoo," nikasema. "Naomba kuuliza. Kule kwenye mikoma mitatu, nani aliyesema karibu kwanza?"

Wakatazamana.

"Mlikula ng'onda ya mdogo wangu?"

"Tulikula," akasema mzee mmoja, macho yakamlegea. "Ilikuwa na munyu mzuri."

"Mliaga?"

Maji yakasikika yakidondoka kutoka kwenye nguo zao.

"Mliomba ruhusa kwa aliyewakaribisha? Au mlikula, mkanawa, mkamchukua mwenye chakula mkaondoka naye? Mgeni wa namna hiyo kwenu anaitwaje?"

Sijawahi kuona watu wamefedheheka vile. Wengine waligeukia ukuta. Bibi aliinama, na aliposema sauti yake ilikuwa imepungua.

"Umesema neno zito. Lakini karibu ni ya mwenyeji. Mgeni hakaribishi watu mahali pasipo pake, hiyo si karibu, ni maneno tu. Huyu kijana ni mwenyeji wa wapi? Nani wa kumshuhudia? Wewe hapana, wewe ni damu yake."

Nikamtazama Faki. Akatikisa kichwa, yeye ni wa Kipini, kwetu hapajui. Nuriya alikuwa tayari ni mgeni wao, neno lake halikuhesabiwa. Alibaki Shukri. Nilikiona kile kiti chenye mguu mfupi kama kiko mbele yangu.

Shukri alijua anachoombwa. Akisema, amesema. Hawezi kulirudisha neno lake akifika nyumbani na kesi ya njia ya ng'ombe inamngoja. Alizungusha fimbo yake mkononi, akamtazama dada yake, akatazama chini.

"Babu yake Dzombo," akasema. "Kaburi yake kando ya mto. Mimi mtoto, nachunga mbuzi pale. Mvua ilinipiga. Yeye alikaa mlangoni, anakula muhogo. Akaniambia, karibu. Mimi sikusema starehe. Nilikuwa na njaa, mimi nilikula."

"Kisha?" bibi akauliza.

"Kisha nikaomba ruhusa. Akanipa. Na muhogo nyingine nikabeba." Akaisimamisha fimbo. "Yeye mwenyeji. Huyu kijana mwenyeji. Huyu dada mwenye maneno mengi, pia mwenyeji."

Bibi akasimama, na wote wakasimama. Akasema wana deni la adabu: watatufuata mpaka nyumbani kwa Johnson, wakaribishwe tena, wale, waage sawasawa kama watu. Johnson na Nuriya wakainuka kwenye mkeka kwa mara ya kwanza. Nuriya alimkumbatia kaka yake, na mimi nilimpiga Johnson kofi la bega kisha nikamshika nisimwachie mpaka mtumbwini.

Shukri sikumwambia kitu. Sikujua alisema kwa ajili yetu au kwa ajili ya dada yake, na sikutaka kuuliza.

Mei 30

Kumbe ni Mei! Sisi tulidhani ni siku chache. Majirani wameshatulilia, wameshatuombea kanisani, na Faki ameshasomewa hitima huko Kipini. Mkewe Mwanaarusi yuko edani. Faki alipompigia simu kumwambia yu hai, akamwita jini na kukata. Faki analalamika kwamba hitima yenyewe ilikuwa na mbuzi mmoja tu.

Shamba langu lote liko chini ya maji. Hata mahindi yaliyolaliwa na ng'ombe hayapo.

Mei 31

Wamekuja.

Nimepika sima na ng'onda ya mwisho ya Faki, mchuzi wa nazi, chumvi nikatia kwa mkono mzima. Walitokea majini wakasimama mbele ya nyumba yetu, wakapiga hodi. Ilibidi Johnson aitikie mwenyewe, na akaitikia vizuri. Walikula kimyakimya, wakilamba vidole, na yule mzee alilia kwa ajili ya munyu bila kuona haya. Wakanawa. Bibi akamgeukia Johnson.

"Mwenyeji wetu, tunaomba ruhusa."

Na mdogo wangu, ambaye nilimlea mimi, ambaye nilimpiga mwenyewe mpaka akajua adabu, akafungua mdomo kwa mazoea: "Aa, mapema m—"

Nuriya alimfinya paja, na mimi nilimkanyaga mguu, ule ulioteguka. Akapiga yowe.

"Ruhusa mnayo!" akasema. "Nendeni salama. Ahsanteni kwa kuja."

Tuliwasindikiza mpaka ukingoni, maana mgeni husindikizwa. Bibi alinishika mkono kwa wake wa baridi, akasema chakula kilikuwa kizuri ila tui limezidi. Nikamwambia mkono umeteleza.

Juni 2

Maji yanashuka. Uzio wa jirani umeonekana.

Juni 8

Shukri amekuja asubuhi na mkokoteni wa miiba. Amelizungushia shamba langu lote boma, jasho linamtoka, bila kuniuliza. Nilipomwita anywe chai alisema, "Starehe." Nikamwambia asinichezee. Akaja akanywa.

Juni 15

Nimepanda mahindi upya. Johnson na Nuriya bado ni marafiki tu. Rafiki gani anafua kilemba cha kaka wa rafiki yake! Sijauliza.

Juni 22

Baraza la njia ya ng'ombe, lile lililoahirishwa kwa mafuriko. Mikeka mbele, viti nyuma. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kiti changu kibovu, maana hakuna aliyekuwa hatarini leo, hakuna dada wa mtu wa kukombolewa, na sikutaka kumtia mtu katika majaribu. Nilijiambia nimeshasahau.

Shukri alikuwa mkekani, mahali pake. Akageuka, akanitafuta kwa macho katika watu wote. Kisha akasogea, akaupigapiga mkeka kando yake.

"Dama. Keti hapa."

Mwenyekiti akakohoa. "Shukri, hapo ni pa wenyeji."

"Mimi najua," Shukri akasema. "Mimi nimekula kwa babu yake. Nimekula kwake." Akafikiri kidogo. "Ng'ombe wangu pia wamekula kwake."

Watu wakacheka, na mimi nilicheka kuliko wote, huku machozi yananitoka. Nikavua viatu, nikavipanga kando ya mkeka, nikaketi. Mwenyekiti akauliza nani ataanza kusema, na Shukri akasema nianze mimi.